Nilivyousimulia Ugonjwa wa Wekoye

Kaeni chini, wanangu, na nyinyi majirani mliojazana hapo uani kama kuku walioona mtama, kaeni chini pia, kwa maana jambo nililowaitia si la kusikilizwa mguu mmoja ndani na mwingine nje. Levi, njoo hapa mbele. Usinisimamie nyuma ya kiti kana kwamba wewe ndiwe unayenishikilia. Anayenishikilia ni dada yako Viola na huu mto. Pumzi yangu ni fupi. Daktari wa Bungoma amesema maji yameingia kwenye mapafu na moyo umechoka kuyasukuma, nami nikamwambia asijisumbue kunizungusha, mtu aliyefika miaka sabini na nane hahitaji kufichwa kitu na kijana wa jana. Kwa hiyo mkiniona nimenyamaza katikati, msikimbie kuita gari. Ngojeni, nitarudi. Na atakayejaribu kunimalizia maneno, nitaanza upya tangu mwanzo, tushinde hapa mpaka ng'ombe warudi.

Nitasema kwa Kiswahili. Najua mnatazamana, ati Nanyama ameanza lini kutuhutubia kama chifu, maana Kibukusu ndiyo lugha ninayojua kuuma nayo, na hiki Kiswahili changu nilikiokota Kitale nikiuza kuku, shule yenyewe nikaiachia darasa la tatu. Lakini kuna mtu hapa ambaye Kibukusu chetu hakijui chote, na leo sitaki ayapate maneno yangu kwa mdomo wa mtu mwingine. Ameketi kule karibu na lango, juu ya gogo, mkoba bado uko begani. Msigeuke. Nimesema msigeuke. Huyo ni Chesang, mke wa marehemu mwanangu Wekoye, mama yake Joy, binti wa watu wa mlimani tuliyemtolea ng'ombe tukamleta hapa kwa nyimbo. Kama nyinyi mmemsahau, yeye hajawasahau.

Mnangoja nianze na shamba. Shamba haliendi popote, litangoja.

Nyote mnanijua kwa ulimi. Mungu alininyima urefu na sura akanipa mdomo, nami nikautumia mpaka ukapata makali. Kukiwa na matanga, kuanzia hapa Malakisi mpaka Kanduyi, nilikuwa natumiwa mtu wa kunichukua, kwa sababu watu walijua Nanyama akisimama kando ya jeneza, hata aliyefuata wali na nyama atalia. Nilijua mahali pa kupandisha sauti na mahali pa kuishusha. Nilijua ukisema fulani amekufa, watu wanatikisa kichwa tu, lakini ukisema koti lake bado linaning'inia kwenye msumari na mifuko ina karanga alizomnunulia mtoto, wanawake wanajishika tumbo. Wakati wa kura watu wakubwa waliniita niwachemshie umati kabla wao hawajapanda jukwaani, na nimewahi kuwachukua vijana waliokuja wakicheka nikawarudisha kwao wamekunja ngumi, nisijiulize hata siku moja ngumi hizo zitamshukia nani. Nilisifiwa. Na mgema akisifiwa, wanangu, mnajua anachofanya na tembo.

Sasa sikilizeni aibu yangu.

Desturi yetu ni kwamba mtu akishazikwa, siku ya tatu jamaa wananyolewa nywele, wazee wanakaa, na yule aliyemuuguza marehemu anasimama kusimulia ugonjwa wake, ulianza lini, ulikwenda vipi, alisema nini mwisho, ili kila mtu aondoke akijua kifo kimetoka wapi na pasiwe na wa kunong'ona njiani. Ni desturi nzuri, mwenye kuiharibu ni mimi. Aliyemuuguza Wekoye ni Chesang. Ndiye aliyeshika beseni, ndiye aliyekesha akimkanda kwa kitambaa, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kusimama siku ile, miaka tisa iliyopita, hapa hapa mlipokaa. Nikamtangulia. Niliwaambia wazee mama Joy ameishiwa nguvu, na tena lugha itamshinda, niacheni mimi niliyembeba tumboni niseme. Nani angenikatalia? Baadhi yenu mlisogeza viti karibu, si ndiyo? Mlijua mtasikia kitu.

Nilisema hivi, na siongezi neno, kwa maana nimeyarudia kichwani miaka tisa. Nilisema: mwanangu alitoka shambani Jumatatu kwa miguu yake, jembe lake begani. Akakaa akala chakula alichopikiwa na mkewe. Jua halijazama akashika tumbo. Mkewe akapiga simu, na hakunipigia mimi ninayelala hatua thelathini kutoka mlangoni pake, aliwapigia watu wa kwao. Jumatano asubuhi gari la watu wa kwao likasimama hapa uani, wakasemezana kwa lugha nisiyoijua. Ijumaa mwanangu akafa.

Kisha nikanyamaza.

Huko kunyamaza ndiko ninakotaka mkusikie leo. Sikutaja sumu. Sikumwita mtu mchawi. Hata ukinipeleka kortini hutapata neno moja nililosema ambalo si kweli: jembe lilikuwa begani, chakula kililiwa, simu ilipigwa, gari lilikuja. Lakini kweli hizo nilizipanga kama mwanamke apangavyo kuni mekoni, nikaacha nafasi katikati upepo upite, nikijua kabisa kwamba atakayekuja na kiberiti hatakuwa mimi. Nilihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, na kabla sijafika kumi, wewe Mary Ann, wewe hapo mwenye kitambaa cha kijani, ulisimama ukasema, "Muulizeni hicho chakula kilikuwa nini."

Usiinamishe kichwa peke yako, Mary Ann. Kiberiti kilikuwa chako, lakini kuni zilikuwa zangu.

Chesang alijaribu kujibu. Alisema ilikuwa ugali na kunde, na kwamba yeye na mtoto walikula kutoka sufuria ile ile. Mtu mmoja akaigiza namna anavyotamka, watu wakacheka, kwenye matanga, watu walicheka, na mimi ambaye ningeweza kuwanyamazisha kwa kukohoa tu, nilijifunika uso kwa leso nikajifanya nimezidiwa na kilio. Nyuma ya leso macho yangu yalikuwa makavu. Nilikuwa nasikiliza jinsi maneno yangu yanavyofanya kazi, kama fundi anayesikiliza mashine aliyoitengeneza. Jioni masufuria yake yalikuwa njiani. Kesho yake alitembea mpaka barabarani na godoro kichwani, na Joy, miaka kumi na mmoja, akimfuata na taa mkono mmoja na kuku mkono mwingine. Nilichungulia dirishani. Yule kuku alikuwa wangu, na nilifikiria kumtuma mtu akamchukue. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, na mkija kunisifu nikishakufa, mkumbuke huyo kuku.

Maji kidogo, Viola. Basi. Inatosha.

Sasa nitausimulia ugonjwa wa Wekoye kama ulivyokuwa, bila chumvi, hata ukiwachosha.

Jumatatu alirudi na maumivu kwenye kitovu. Alikuwa nayo tangu asubuhi na hakumwambia mtu. Alikula kidogo akatapika. Jumanne maumivu yakahamia upande wa kulia, chini, akawa anatembea amejikunja, mwili unawaka. Niliwaambia Chesang hakunipigia simu, na ni kweli hakunipigia, kwa sababu alikuja kwa miguu. Alipiga hodi mlangoni pangu jua likiwa utosini, akaniambia mama, huyu twende naye hospitali, hali yake si nzuri. Nikamwambia aache kumdekeza mwanamume, ampe maji ya moto na chumvi. Akarudi mara ya pili jioni, nikamjibu nikiwa nimempa mgongo. Ndipo akampigia kaka yake Kiptum aliye na pikapu ya kubebea mahindi Kitale, na Kiptum akatoka huko alfajiri, akafika Jumatano watu wakiwa wanakunywa chai. Walimtoa Wekoye ndani wamemshika huku na huku. Alikuwa amekwisha kuweka mguu mmoja kwenye gari.

Nikatoka kwangu. Nikasimama mbele ya lile gari na shuka yangu mabegani, nikamwambia mwanangu, "Wekoye, si wewe uliyesimama mbele ya kisu vijiji vitatu vikitazama, hukupepesa jicho? Leo unapakiwa kama gunia, unalizwa na tumbo mbele ya wakwe zako?"

Nyinyi wa huku mnayajua maneno hayo yanatoka wapi. Chesang, nawe uliyeolewa hapa unayajua. Kijana akikaribia kutahiriwa, sisi jamaa zake tunamchokoza na kumtukana, tunamwambia kama anaogopa aseme mapema tumtafutie gauni, na matusi hayo yanamnyoosha mgongo, asubuhi anasimama na tope la mtoni mwili mzima hatikisiki. Nilimwambia Wekoye maneno makali kuliko hayo alipokuwa na miaka kumi na minne, akasimama, na mimi nikiwa ndani ya nyumba nikasikia vigelegele nikajua nimezaa mtu. Yalimsaidia. Lakini ni maneno yenye asubuhi yake moja tu. Nikayatoa kabatini baada ya miaka ishirini na nne nikamvalisha mtu mzima mwenye usaha tumboni, na mwili wake ukayakumbuka, kwa maana neno ulilopandiwa ukiwa na hofu halizeeki. Nilimwona akinyooka. Jasho likimtiririka, akanyooka, akatoa mguu kwenye gari. Akamwambia Kiptum arudi tu, shemeji, hili litapita. Kiptum alikaa kwenye lile gogo mpaka saa saba mchana akimngoja abadilishe mawazo, hakuna aliyempa hata maji, kisha akaondoka.

Alhamisi maumivu yakaisha ghafla. Wekoye aliketi akaomba chai. Nikaingia mle ndani nikamcheka mkewe, nikamuuliza umeona sasa, hospitali yako ingetufanyia nini. Daktari aliniambia baadaye kwamba huko kutulia ndiko kupasuka. Alfajiri ya Ijumaa Chesang alikuja mlangoni mara ya tatu, na safari hiyo hakupiga hodi.

Mnataka kujua kwa nini nilifanya hivyo. Ningesema ni ujinga mngenihurumia, mngesema mama wa watu hakusoma. Haukuwa ujinga. Mwanangu alianza kumsikiliza mke wake kuliko mimi. Wakienda sokoni wanacheka njia nzima, mimi wananiamkia kwa adabu kama mwalimu mkuu. Na lile gari lilikuwa la kwao. Ni hilo tu. Ningependa liwe kubwa zaidi, niwaambie nilifanya ubaya mkubwa kwa sababu kubwa, lakini ni jambo dogo, la kijicho, kama punje ya mtama iliyokwama kwenye jino.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee, na walimhurumia aliyejikwaa. Mimi mara ya kwanza nilijikwaa. Mara ya pili nilitembea nikiona njia vizuri. Na hapo ndipo, Levi, tunapofika kwako.

Kule mochari walimpasua wakaandika sababu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, Levi akanisomea tukiwa tumesimama nje karibu na bomba: kidole tumbo kilipasuka, usaha ukaenea, mtu angefikishwa mapema angepasuliwa na kupona. Hiyo ilikuwa kabla ya mazishi. Yaani siku ile ya tatu nilipopanga zile kuni zangu mbele yenu, nilikuwa najua, si kubahatisha, nilikuwa najua kilichomuua mwanangu na nani aliyemzuia kupanda gari. Ile karatasi niliikunja nikaitia kwenye kopo la majani ya chai, na kopo nikalisukuma nyuma ya kabati. Viola, iinue waione. Ndiyo hiyo. Bado inanuka chai.

Levi alinyamaza kwa sababu nilimwambia anyamaze. Halafu akaendelea kunyamaza kwa sababu nyingine yenye majani mapana. Shamba la ndugu yake lilibaki halina mtu, akatia tumbaku msimu mmoja, akatia wa pili, na mtu akishazoea kuvuna mahali asipo na haki, usingizi wake unakuwa mzito. Leo asubuhi alikuja kitandani kwangu, mpole kama mchumba, akaniambia, "Mama, ya kale hayanuki. Utatuaibisha bure." Mwanangu, hili limenuka miaka tisa. Pua yako imezoea kwa sababu umelima juu yake. Na aibu si bure, ina mwenyewe, leo ninaichukua.

Mtanisamehe nikisema polepole.

Mwezi wa nne nilikwenda Kitale kumtafuta Chesang. Viola alijua aliko, amekuwa akijua miaka yote na hakuniambia, na sikulaumu, Viola, ningekuwa wewe nami nisingeniambia. Nilimkuta kwenye ghala moja ya mahindi, amekaa na wanawake wenzake wanapepeta na kuchambua punje zilizooza, vumbi limewafanya nyusi nyeupe kama wazee. Hakunifukuza. Alinikunjia gunia nikalie, akaendelea na ungo wake. Nikaanza kusema yale niliyoyaandaa, nikishusha sauti ili wenzake wasisikie, nikiinua pale panapostahili, mnanijua, na nilikuwa nimefika mahali pazuri sana, mahali ambapo mtu mwingine yeyote angekuwa ameanza kufuta macho, alipoweka ungo chini akaniambia, "Mama, uliyasema mbele ya watu. Mbona unayarudisha pembeni?"

Hakusema lingine. Hakunitukana. Akaniitia pikipiki ya kunipeleka stendi.

Niliondoka na hasira, siwadanganyi. Nilisema moyoni huyu anataka nini, nimetoka Malakisi mgonjwa, nimekalia gunia mbele ya vibarua. Nilikuwa nimefika Kanduyi kabla sijakubali kwamba alichoniomba ni kidogo kuliko nilichochukua. Kinyesi kilichotupwa sokoni hakizolewi jikoni. Ndiyo maana nimewaita nyote, na ndiyo maana nimekataa kungoja nife kwanza msomewe, kwa sababu maiti haoni haya. Nilitaka kuwaona nyuso zenu. Nilitaka mniangalie.

Nani huyo analia? Nyamaza. Wewe na huyo wa karibu yako, nyamazeni, sikuwaita mlie. Mnaona? Siku ile pia mlilia, na machozi yenu ndiyo yaliyomsukuma mtu barabarani na godoro. Na mimi, Mungu ananiona, hata sasa na hii pumzi ya kuokoteza, nimesikia mtu akilia kwa kwikwi pale nyuma na moyo wangu ukaruka kidogo kwa furaha, ukasema bado unaweza, mama. Ninaungama na huku ninajisikiliza ninavyoungama. Huo ugonjwa daktari hakuuona. Kwa hiyo futeni macho. Kama mnataka kunisaidia, kesho mkienda sokoni, mkienda kanisani, mkienda kwenye mashine ya kusaga, semeni tu: Nanyama alimzuia mwanawe kwenda hospitali, kisha akamsingizia mkewe, na alikuwa anajua. Maneno machache, hayana hata la kuliza mtu. Muyabebe yafike kote yale ya kwanza yalikofika, ingawa najua ya kwanza yalikuwa na mabawa, na haya mtayaburuta.

Sasa shamba. Levi, kaa.

Shamba la baba yenu liligawanywa akiwa hai na mipaka ni ile ya mkonge alioupanda. Sehemu ya Wekoye, kuanzia kwenye mikaratusi mpaka kijito, ni ya Chesang na binti yake Joy, walime, wakodishe, wauze, hata wakiamua kuotesha nyasi tu wazitazame, hakuna wa kuwauliza. Nimekwisha kuandikisha mbele ya chifu na wazee wawili wa ukoo, na karatasi hizo anazo Viola, si Levi. Tumbaku iliyosimama pale msimu huu ni ya mwenye shamba. Levi, usiguse jani. Ukisikia uchungu, umwulize Joy uchungu wa kuondoka na kuku mmoja. Nyumba yao iliyoanguka, utaijenga wewe, kwa mikono yako, mabati ni yale niliyonunua ya kuezeka jiko langu, hayana kazi tena. Sisemi hivyo kwa kukuchukia. Wewe ndiye uliyebaki kunichotea maji, na nyama ya ulimi wangu umeila tangu utotoni ukaona ndicho chakula. Ninakuachia sehemu yako na hii nyumba ninayokalia mlangoni pake. Ng'ombe na ndama wake ni wa Viola, aliyeniosha miezi hii yote na kunywa matusi yangu kama dawa.

Joy, uko wapi? Simama karibu na mama yako, usije huku. Nimesikia sasa unaendesha sherehe za harusi huko Kitale, ukishika maikrofoni ukumbi mzima unasimama. Walinionyesha kwenye simu. Nikaona mkono wangu, unavyouinua kabla ya kusema, nikaogopa. Wanasema majuto ni mjukuu, mimi ninaomba mjukuu wangu asiwe hayo. Hicho kipaji kimepita kwangu kuja kwako na sikukiosha kabla ya kukupa. Sikiliza kukhu yako, maana bibi mwingine huna wa kukuambia hili: neno la kuchemsha watu halipimwi kwa ukweli wake peke yake, kweli nayo huua ikipangwa na mtu mwenye kijicho. Kabla hujalifungua mdomoni, uliza usiku huo nani atalala nje kwa ajili yake. Ukiona yupo, meza. Litakukwaruza koo, halitakuua. Na ukisikia raha watu wanapolia, shuka jukwaani uende nyumbani.

Viola… ngoja. Ngoja kwanza.

Nitakapokufa, msilete vipaza sauti. Asisimame mtu kunisifu. Mchungaji asome nilizaliwa, nikaolewa, nikafa, aombe, mwimbe, mnifukie. Siku ya tatu Viola ndiye atakayesimulia ugonjwa wangu kwa sababu ndiye aliyeniuguza, na atasema ulikuwa moyo, ulikuwa maji kwenye mapafu, na baada ya hapo mtu asinyamaze kwa ujanja, na asiulize nilikula nini.

Levi, piga goti. Sikuombei mali, unayo ya kukutosha. Mungu akupe kuona haya, mwanangu, akupe mapema, kwa maana haya ikiwahi ni dawa, na yangu imenifikia mgonjwa amekwisha. Viola, Mungu akulipe kimya chako kwa usingizi mzuri, na watoto wako wakuheshimu hata ukiwa umenyamaza. Joy, Mungu akuhifadhi na mdomo wangu. Majirani, nendeni na amani, wale walio tayari kuniburuzia yale maneno.

Chesang.

Mama Joy. Wewe sikubariki. Mkono uliokusukuma hauna haki ya kuwekwa kichwani pako. Na msamaha sikuombi, si kwamba sitaki, ninautaka kuliko pumzi, lakini nikikuomba hapa macho haya yote yatakugeukia, na yakikugeukia itabidi ujibu vizuri kama mkwe mwema, nami nitakuwa nimekunyang'anya tena kwa maneno. Huwiwi na mtu hapa. Ulikuja, umesikia, ukitaka kuondoka lango liko wazi, na shamba ni lako hata ukiondoka bila kunitazama. Nilikuwa na neno la mwisho, nimelichonga wiki nzima kitandani, neno zuri, lingewaliza hata ng'ombe. Naliacha. Sitalisema.

Nishike, Viola. Hapo, chini ya kwapa. Sioni vizuri, jua limekuwa… Nani huyo anainuka kule? Ni yeye? Anaweka mkoba chini. Levi, toka njiani. Mpisheni, watu, mpisheni apite hapa katikati. Na mnyamaze. Mama Joy anataka kusema.